Mashine za mbao za zamani zisiuzwe kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Kuna jambo limenikaa moyoni siku nyingi, nalo ni hizi mashine za zamani za useremala, zile nzito za chuma cha kumimina, manake naona zinaisha na wanaozimaliza hawajui wanamaliza nini. Mashine inakaa stoo miaka kumi imefunikwa turubai, mwenyewe anafariki au anahama, waliobaki wanaita watu wa chuma chakavu, wanakuja na nyundo kubwa na mzani, wanaivunja vipande ili ipakike vizuri kwenye gari, basi. Meza ambayo fundi wa kiwandani aliisawazisha mpaka ikanyooka kabisa inahesabiwa kilo.

Mi sio fundi wa kuajiriwa. Nina karakana ndogo ya kujifurahisha, nachonga jioni nikitoka kazini na wikiendi, na karibu kila mashine niliyonayo ilishahukumiwa kwenda kuyeyushwa. Mashine ya kuranda, msumeno wa mkanda, mashine ya kukerezea miguu ya viti, zote zimenizidi umri na zote zinafanya kazi mpaka leo hii ninavyoandika.

Watu huniuliza kwa nini nijitese na chuma kikuukuu wakati mpya zipo na ni nyepesi. Sasa huo uzito ndo faida yenyewe! Chuma cha kumimina kinameza mtetemo, na kwenye kazi ya mbao mtetemo ni adui, manake kisu kinachotikisika kinaacha mawimbi kwenye ubao na utakaa na msasa mpaka usiku. Halafu zilitengenezwa ili zifunguliwe. Ukitoa beringi ukaipangusa grisi unakuta namba imegongwa ubavuni, mathalani 6203, na namba hiyo popote ulipo duniani ni kitu kile kile, tundu milimita 17, nje 40, unene 12, unatafuta mpya unarudishia. Ule msumeno wa meza wa kampuni ya Delta ya Marekani unaoitwa Unisaw ulitoka mwaka 1939, shafti yake ni ya inchi 5/8 na bleidi ya inchi 10, na bleidi za kipimo hicho zinatengenezwa hadi leo. Na kama kuna anayedhani natia chumvi kuhusu umri wa vitu hivi, kule Portsmouth, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1800 zilifungwa mashine 45 za kuchonga kapi za meli za kivita, mhandisi Marc Brunel alizibuni na fundi wa mashine Henry Maudslay akazitengeneza, na baadhi yake zilifanya kazi zaidi ya miaka 100.

Ila nisieleweke vibaya, sio kwamba ukiikuta mashine ya zamani uchomeke tu umeme uanze kazi. Hapa nawasema na wenzangu tunaozipenda. Mashine yangu ya kuranda niliinunua imepigwa rangi ya kijani inang'aa, aliyeniuzia akasema imekarabatiwa yote, nami nikaamini kwa sababu ilipendeza. Siku ya kwanza nilipopitisha ubao wa mninga, kisu kiliuma, ubao ukatemwa kurudi nyuma ukapita karibu na nyonga yangu ukaenda kugonga ukuta. Nilizima nikakaa chini, mikono inatetemeka. Nilipoifungua nikakuta skrubu mbili za kubana visu zimelegea, beringi ya upande wa puli imekufa na imeshindiliwa grisi ili isipige kelele, meza ya nyuma, ile inayopokea ubao ukishapita kwenye visu, iko chini kuliko visu, na kinga ya kufunika visu haipo kabisa, hata tundu lake lilikuwa limezibwa kwa rangi. Ilinichukua miezi minne kuirudisha iwe mashine. Ndo maana nikisikia mtu anasema amekarabati, namuuliza beringi umebadilisha? Visu umepima? Rangi naiuliza mwisho.

Na hiyo rangi yenyewe tuiogope. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, Marekani walipiga marufuku rangi za namna hiyo za majumbani mwaka 1978, kwa hiyo mashine iliyotoka kiwandani kabla ya hapo ichukulie kuwa inayo. Usiiparue kwa msasa wa umeme ukiwa umefunga mlango huku watoto wanacheza jirani, ile vumbi ni sumu na haitoki mwilini upesi. Ilainishe kwa dawa ya kutolea rangi, ikwangue ikiwa bado na majimaji, vaa maski ya maana, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Kutu nayo inatisha watu bure. Kutu ya juu juu inatoka kwa mafuta na pamba ya chuma, na vipande vidogo mi huvitumbukiza kwenye ndoo ya plastiki yenye maji na soda ya kufulia, nakiunganisha kipande kwenye hasi ya chaja ya betri ya volti 12, chanya naiweka kwenye kipande cha chuma cha kawaida kisicho na kazi, visigusane, naacha usiku kucha. Asubuhi kutu imekuwa tope jeusi linalotoka kwa brashi. Lakini fanya nje kwenye hewa, manake inatoa gesi ya haidrojeni ambayo inalipuka, na kamwe usitumie chuma kisichoshika kutu kwenye ile chanya, kina kromiamu na maji yatageuka sumu. Nati ikikataa usipige nyundo, chuma cha kumimina hakipindi, kinapasuka, weka mafuta ya kupenya, ipashe moto kidogo, subiri hata siku tatu. Na kabla hujavimba mishipa angalia kwanza inafunguka upande gani, nati za shafti za misumeno nyingine zina uzi wa kinyume, nimeshaona shafti nzuri imekatwa uzi wote kwa sababu mtu alikuwa anaikaza akidhani anaifungua.

Umeme pia. Mota nyingi za viwandani ni za fezi tatu na majumbani wengi wetu tuna fezi moja, watu wanaitupa mashine nzima kwa sababu hiyo tu wakati kuna kifaa kinaitwa invata kinachopokea fezi moja na kutoa tatu, na unapata na uwezo wa kupunguza kasi. Nyaya za zamani zilizovishwa kitambaa usizihurumie, toa zote.

Sasa hili la mwisho ndo lililonifanya nishike kalamu. Wapo wenzetu wanaosema mashine ibaki kama ilivyozaliwa, wasiongeze chochote, eti ukiongeza unaiharibu. Mimi nakataa kabisa. Mashine za kuranda za kale zilikuwa na kichwa cha visu cha mraba, kikizunguka kinaacha pengo kubwa kati yake na mdomo wa meza, kidole kikiingia hapo kinaenda chote. Vikaja vichwa vya duara kwa sababu ya damu za watu. Mtu mwenye kichwa cha mraba akiweke sebuleni akitazame, kwenye kazi afunge cha duara. Msumeno wa meza nao, mingi ya zamani haina kile kipande cha chuma kinachosimama nyuma ya bleidi kuzuia mbao isijifunge ikaibana, na mbao ikiibana bleidi inarushwa kwako kabla hujapepesa jicho. Kitengeneze, ni bapa la chuma, lisizidi upana wa njia inayokatwa na wala lisiwe jembamba kuliko mwili wa bleidi. Weka swichi ambayo umeme ukikatika inajizima yenyewe na haiwaki mpaka uibonyeze, kwa sababu swichi za zamani zinabaki zimewaka, umeme unakatika, unainama kusafisha meza, umeme unarudi. Na vumbi livutwe, lisipepee tu, unga wa mbao uliwekwa mwaka 1995 kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na hizi mashine zilitengenezwa enzi ambazo hakuna aliyewaza hilo, zinamwaga kila kitu miguuni.

Ukishafanya yote hayo ndo unakuja utamu wake, Mhariri, na huu sijui kuuandika vizuri. Unaweka rula ya chuma juu ya meza mbili, unainua ya nyuma kidogo kidogo mpaka ilingane na ncha za visu zikiwa juu kabisa, unawasha, inavuma sauti nzito moja isiyopanda wala kushuka, unapitisha ubao uliopinda mara tatu nne, unaugeuza, unaupapasa na kiganja hukuti kitu. Sarafu uliyoisimamisha wima juu ya meza kupima mtetemo bado imesimama. Nimemwita mwanangu usiku aje aione ile sarafu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasomaji wako ni dogo. Mwenye mashine ya namna hii asiivunje kabla hajaonyesha mtu anayejua, apige picha kile kibao kidogo cha namba kilichopigiliwa ubavuni maana ndicho kinachosema ni ya aina gani na mota yake inataka umeme gani. Na jamani, lile kopo lenye kutu lililo chini yake, lenye spana moja ya ajabu, skrubu fupi fupi, bati lililopinda na kijitabu kilicholowa mafuta, msilitupe. Lile bati huwa ndo kinga ya visu. Yangu niliitafuta karibu miezi yote ile minne, ikabidi niichonge upya.

Msomaji wenu,
Fundi wa jioni