Safari hii wamepatia

Rehema shosti wangu,

Mambo vipi mamii. Sasa hivi naweza kukaa na simu muda mrefu bila kifua kuvuta ndo maana nakuandikia, na mdogo wako umsomee hii barua yote.

Nimerudia operesheni ya kupunguza matiti. Ile ya kwanza si unaikumbuka, la kushoto likabaki kubwa, la kulia chuchu ikapanda juu mpaka inachungulia kwenye sidiria, kwapani kukabaki kinyama kila nguo inakibana, na mgongo ukaendelea kuuma vilevile. Nilivyorudi kulalamika wakaniambia ndo mwili wako ulivyo, vumilia tu. Iliniuma sana Rehema, mi nilichotaka ni kulala bila maumivu, na mabega yapone yale mashimo ya kamba za sidiria.

Sasa huyu daktari mpya, hata hajanigusa, akaulizia ripoti ya operesheni ya kwanza. Hapa ndo nataka mdogo wako asikilize vizuri kabla hajakubali kurudiwa. Wakipunguza titi, mara nyingi chuchu haitolewi, inaachwa imeshikana na kipande cha nyama chenye mishipa ya damu inayoilisha, na kuna madaktari wanaacha cha upande wa chini, wengine cha juu kwa ndani. Anayerudia asipojua mwenzie aliacha kipi anaweza akaikata hiyo mishipa, chuchu ikakosa damu ikawa nyeusi, ikafa. Yani karatasi moja tu ya kwenye faili! Nilisumbuana na watu wa masjala mpaka wakanitolea kopi, na ni haki yangu jamani, ule mwili ni wangu.

Na asiharakishe. Uvimbe unachukua miezi kuisha na kovu linalainika taratibu, kwa kawaida wanasubiri miezi 6 mpaka mwaka ndo wanarudia. Mi alinikagua hadi kovu la chanjo begani kuona kama natoa keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua, maana ngozi zetu hizi nyeusi zinaota sana, na saa hizi nabandika zile plasta za silikoni. Asubuhi ya operesheni alinichora kwa kalamu nikiwa nimesimama, kwasababu ukilala matiti yanamwagikia pembeni na vipimo vinadanganya, akapima kutoka shingoni mpaka kwenye chuchu, kulia na kushoto, akafuta akapima tena. Nilivyoona anarudia kupima roho ikatulia kabisa.

Nyama iliyotoka imeenda maabara kuangaliwa kama kuna kansa, majibu safi, alhamdulillah. Kulia bado kuna ganzi kidogo ila yamelingana shosti, yamelingana!

Mwambie mdogo wako aanze na hiyo ripoti wiki hii hii, wakimzungusha anipigie jioni, mchana nakuwa nimelala, ntaenda nae mwenyewe.

Nakupenda sana,
Shosti wako