Roosevelt hakuwapa, alilazimishwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nisahihishe neno moja lililotumika katika makala yenu ya juma lililopita kuhusu Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mwandishi alieleza kwamba mwaka 1941 Rais Franklin Roosevelt "aliwapa" Wamarekani weusi haki ya kuajiriwa katika viwanda vya silaha. Mwaka ni sahihi, na jina la rais ni sahihi. Kitenzi ndicho kisichokuwa sahihi, na kosa hilo si dogo, kwa kuwa linawafuta watu waliohangaika kwa miaka 16 kabla rais huyo hajashika kalamu.

Watu hao walikuwa wahudumu wa mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman. George Pullman, mwenye kampuni hiyo ya Chicago, aliwaajiri wanaume waliotoka utumwani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakawa ndio wanaowatandikia abiria vitanda, kuwabebea mizigo na kuwang'arishia viatu usiku. Kufikia miaka ya 1920 mhudumu alifanya kazi karibu saa 400 kwa mwezi. Dawa ya viatu aliinunua kwa pesa zake mwenyewe, na usingizi wake ulikuwa wa saa chache juu ya kochi la chumba cha wavuta sigara, sikio likiwa kwenye kengele ya abiria. Mshahara haukumtosha, hivyo aliishi kwa bakshishi, na kwa ajili ya bakshishi ilimbidi atabasamu hata alipoitwa "George", yaani jina la tajiri wake, kama mtumwa alivyoitwa zamani kwa jina la bwana wake.

Jambo hilo la jina ndilo lililonikatalia kunyamaza. Babu yangu mzaa mama alihudumu katika treni ya usiku baina ya Mombasa na Nairobi enzi za ukoloni. Nyumbani Majengo watu wazima walimwamkia kwa heshima, lakini akishapanda behewa la daraja la kwanza, abiria wa umri wa mwanawe alimwita "boi". Hadi uzeeni, akikunja shuka, alizikutanisha pembe kwa pembe, kisha akapitisha kiganja juu yake mara mbili, polepole, kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma yake anamkagua. Mimi nilikuwa mtoto, nikidhani ni unadhifu tu.

Wahudumu wa Pullman waliunda chama chao cha wafanyakazi huko Harlem, mtaa wa jiji la New York, tarehe 25 Agosti 1925. Walimwomba A. Philip Randolph, mhariri wa jarida, awe kiongozi wao, kwa sababu ya wazi kabisa: hakuwa mwajiriwa wa Pullman, kwa hiyo kampuni isingeweza kumfukuza kazi. Wao wenyewe hawakuwa na kinga hiyo. Kampuni ilipandikiza wapelelezi ndani ya mabehewa, ikawafukuza waliojulikana kuwa wanachama, na ikaanza kuajiri Wafilipino ili kuwatisha waliobaki. Ndiyo maana wake zao wakawa nguzo ya chama: walihudhuria mikutano ambayo waume zao hawakuthubutu kuonekana, na wakachangisha fedha za kulipia kodi ya ofisi.

Sitaki kuipamba habari hii kupita kiasi. Mwaka 1928 chama kilitangaza mgomo, na Randolph akaufuta saa chache kabla haujaanza, kwa kuwa aliona hawana nguvu ya kushinda. Wengi walikata tamaa wakajitoa, na kufikia mwaka 1933 wanachama walikuwa wamebaki mia kadhaa tu kati ya maelfu. Waliobaki walikaa. Sheria mpya ya kazi za reli ya mwaka 1934 ilipowafungulia mlango, walikuwa tayari wamesimama mlangoni, na tarehe 25 Agosti 1937, miaka 12 kamili tangu siku ile ya Harlem, Pullman ilitia saini mkataba uliopunguza kazi hadi saa 240 kwa mwezi na kuongeza mishahara.

Nguvu hiyo ndiyo iliyokwenda Ikulu mwaka 1941. Viwanda vya silaha vilikuwa vikiajiri usiku na mchana, lakini milango yake mingi ilifungwa kwa watu weusi. Randolph akatangaza kwamba tarehe 1 Julai watu weusi wataandamana hadi Washington, na wahudumu wa treni wakaupeleka ujumbe huo mji hadi mji, kwa kuwa reli ilikuwa mikononi mwao kila siku. Tarehe 18 Juni Roosevelt alimwita, akamtaka aachane na maandamano. Randolph alimjibu kwamba watu 100,000 watakuja, na kwamba hatawarudisha nyumbani bila amri iliyoandikwa. Tarehe 25 Juni, siku sita kabla ya maandamano, rais alitia saini amri namba 8802 iliyokataza ubaguzi katika viwanda vya vita na idara za serikali. Amri yenyewe ilikuwa na upungufu: kamati iliyoundwa kuisimamia ilikosa meno, na wanajeshi weusi waliendelea kutengwa hadi Rais Truman alipotoa amri nyingine mwaka 1948. Hata hivyo, ni nani anayeweza kuyatazama matukio hayo kwa mpangilio wake kisha akaandika "aliwapa"?

Nalisisitiza hili nikiwa Mombasa kwa sababu nasi tumezoea kitenzi hicho. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari na reli wa mji huu, pamoja na watumishi wa majumbani na wa mahotelini, waligoma kwa siku 12, wakikutana Kiwanja cha Maskini, na Chege Kibachia, aliyewaongoza, alikamatwa mwaka huo huo akapelekwa uhamishoni Baringo. Mara ngapi nimesikia ikisimuliwa kwamba baada ya hapo serikali ya kikoloni "iliwaongezea" mishahara, pasi na kutajwa aliyelala njaa ili nyongeza hiyo ipatikane!

Naomba basi masahihisho yachapishwe katika ukurasa ule ule uliobeba makala, jina la Randolph litajwe, na wahudumu wa mabehewa watajwe kwa kazi waliyoifanya. Nawaomba pia mumtume mwandishi wenu Majengo na Makupa awatafute wazee waliokuwa watoto mwaka 1947, ambao bado wanakumbuka baba zao wakirudi kutoka kiwanjani, na aende upesi, kwa kuwa waliobaki ni wachache.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Tudor, Mombasa.