YAH: MALALAMIKO KUHUSU VITI VYA KUVAA MLIVYOTUUZIA

Kibirizi,
Kigoma.

Ndugu Meneja Mauzo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni msimamizi wa chumba cha kuchambulia na kufungashia dagaa, na ndiye niliyepokea viti vyenu sita, vile vinavyofungwa kwa mikanda kiunoni na mapajani ili mfanyakazi ajishushe na kupumzika pale pale mezani. Mama mmoja alipokiona alikiita mkaja wa chuma, tukacheka. Kicheko hicho hakikumaliza wiki.

Kasoro kubwa ni kimo. Meza yetu ina sentimita 90, na kwa wengi wetu wakiwa wamesimama iko chini kidogo ya kiwiko, mahali panapofaa kwa kazi nyepesi ya mikono. Mtu akijishusha kwenye kiti chenu, kiwiko hushuka naye ilhali meza imebaki ilipo, hivyo hulazimika kuinua mabega na kutanua mikono muda wote anaochambua. Miguu inapumzika kweli, lakini mzigo umehamia shingoni. Ofisa wenu hakuuliza urefu wa meza wala wa watu, ingawa aliuliza mara mbili tutalipaje.

Isitoshe, viti vyote ni vya saizi moja. Kwa wafanyakazi wafupi bawaba ya kiti haikai sawa na goti, na mkanda wa paja huteremka hadi nyuma ya goti, ambako mishipa ya damu na ya fahamu hupita karibu na ngozi. Wawili walipopata ganzi ya nyayo niliamuru vivuliwe. Huko nje kwenye vichanja, penye mchanga, ncha za kiti zinazokanyaga chini kisiginoni huzama na mtu huyumba kinyumenyume, ilhali kijitabu chenu kinadai vinafaa mahali popote.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inambana mwajiri wangu mfanyakazi akiumia. Kwa hiyo sitavirudisha kazini.

Tunaomba mturejeshee fedha zote, au mlete viti vinavyorekebishika baada ya mtu wenu kuja kupima meza na miguu ya watakaovivaa. Kijitabu nacho kisahihishwe. Kwa sasa tunatumia stuli ndefu zilizochongwa na fundi wa Mwanga, hapa hapa Kigoma, ambazo humwacha aliyeketi karibu na kimo cha aliyesimama. Viti vyenu vimo katika maboksi yake, vinasubiri kuchukuliwa.

Wako,
Msimamizi wa Ufungashaji