Mwenye kete chache apigiwe hesabu, asidharauliwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wenzangu wanaoshiriki mashindano ya poka hapa Kisumu. Nazungumzia Texas Hold'em, ambapo kila mchezaji ana karata mbili zake na wote hutumia zinazofunuliwa mezani, si ile poka ya mitaani ya kumaliza karata mkononi. Kuna jambo linaloharibu mchezo wetu: mwenye kete (vibao vya kuwekea dau) nyingi akimwona mwenzake amebakiwa na chache, huacha kupiga hesabu na kumlipa, yaani kuweka dau sawa na lake, kwa karata yoyote ili tu amtoe mezani, na aliyekuwa akikata roho hufufuka kwa kete za mkubwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme madau ya lazima, ambayo wachezaji wawili huweka kabla ya kuona karata, ni 500 na 1,000, wengine wametupa karata, na aliye katika nafasi ya mgawaji, anayeamua kabla tu ya hao wawili, anasukuma kete zake zote, 8,000. Wewe uliyeweka dau kubwa la lazima unatakiwa kuongeza 7,000 ili ushindanie jumla ya 16,500, kwa hivyo kulipa kuna faida iwapo uwezekano wako wa kushinda unazidi asilimia 42 hivi. Kutoka nafasi hiyo, mwenye kete chache husukuma hata karata za kawaida, basi mfalme na kumi zinatosha kumlipa. Jeki na nne hazitoshi, hata kama una lundo la kete mbele yako. Akisukuma kutoka nafasi ya kwanza, kabla ya meza nzima kuamua, zitupe hata hizo mfalme na kumi, kwa maana huyo amechagua karata zake.

Kinachonisikitisha zaidi ni wanaofuata dau lake kwa jozi ndogo wakitarajia karata ya tatu inayolingana nayo. Karata hiyo hutokea katika zile tatu za kwanza za mezani takriban mara moja kati ya nane. Kwa mpinzani mwenye 60,000 subira hiyo huweza kulipa, lakini kwa mwenye 8,000 hakuna cha kuvuna.

Vilevile, kabla ya kupandisha dau hadi 2,200 ilhali yeye hajaamua, jiulize kama utamlipa akisukuma zote. Utadaiwa 5,800 kwa kitita kinachozidi 10,000, na bei hiyo ni vigumu kuikataa. Karata usizotaka kumlipa nazo, zitupe mapema. Wala usijaribu kumtisha baadaye, kwa kuwa aliyeweka nusu ya kete zake harudi nyuma.

Akishaweka zote na kulipwa nanyi wawili, kumtisha mwenzako kwa dau wakati kitita cha pembeni, yaani cha madau yenu wawili asichoshiriki yeye, ni kitupu ni kumfukuza mtu ambaye angeweza kumshinda mwenye kete chache. Hata hivyo, kuambiana kwa mdomo kwamba hakuna atakayeongeza dau hadi atoke ni njama, na nawasihi waandaaji wa hapa Kisumu walitangaze katazo hilo kabla karata hazijagawiwa.

Mchezaji wa karata,
Milimani, Kisumu