Barua kwa mwanangu anayetaka kuzunguka Ziwa Victoria na gari aina ya Noah

Mwanangu,

Marahaba, shikamoo yako nimeipata jana usiku pamoja na ile ramani, nimeikuza kuza kwenye simu mpaka macho yanauma. Njia yote nimeiona: Arusha, Namanga, Nairobi, mnashuka Kisii mpaka Homa Bay, Busia, Kampala, Masaka, Mutukula, Bukoba, Geita, Mwanza, alafu mnarudi kwa Singida na Babati. Siku nane. Yani nchi tatu siku nane na vivuko juu yake! Baba yako kasema niwaache mtajifunza njiani, mi nikasema hapana naandika, mana yeye hajawahi kulala ukingoni mwa ziwa, mbu wa Kigongo, kule kivukoni Mwanza, hawamjui.

Sikuwahi kukusimulia vizuri hii. Mwaka 2001 nilikua napeleka mitumba minadani huko Sengerema, nachukua belo hapa Moshi napanda nalo basi, na wewe uko tumboni miezi mitano. Siku hiyo basi likatuharibikia njiani, tukaja kufika Kigongo usiku, pantoni ya mwisho imeshavuka. Unaona taa za upande wa pili pale Busisi, yani ziko karibu kabisa unaona kama unaweza kuita mtu, na huwezi kufanya kitu. Tukalala humo humo kwenye siti, wengine chini kwenye kanga, kuna mama alikua na vifaranga kwenye tenga wakalia usiku mzima. Asubuhi malori yameshajipanga mbele yetu hatujui yalipita saa ngapi, tukaja kuvuka saa tano, mnada wenyewe naukuta watu wanafunga turubai. Lile belo nilirudi nalo karibu lote. Na njiani nikatapika, hiyo ni kazi yako wewe.

Kwaiyo naposema siku nane hazitoshi siongei kama mama anayeogopa ogopa, naongea kama mtu aliyekula hasara. Nyie mmehesabu kilomita. Lami haina shida, lami unajua ukiondoka saa kumi na mbili utafika lini. Pantoni ina saa zake, na ikijaa imejaa, na ikiwa mbovu hakuna wa kumlalamikia.

Hapo Busisi sasa hivi hamtakua na tabu, lile daraja la JP Magufuli limefunguliwa Juni 2025, kilomita kama 3 juu ya maji, mnavuka wimbo mmoja haujaisha. Ila mmejiwekea vivuko viwili vingine. Cha kwanza Mbita kwenda Luanda K'Otieno, uko Kenya, kile kinachowakatia ile ghuba ili msizunguke Kisumu. Wazo zuri, ila sio kama Kigamboni kwamba ukikosa hii unasubiri kidogo inakuja nyingine. Hapo ukikosa unakaa masaa, na magari yanaingia machache. Ninyi mmeandika mtoke Nairobi asubuhi mvuke Mbita jioni siku hiyo hiyo. Haiwezekani mwanangu, yani inawezekana kwenye simu tu. Laleni Homa Bay, mle samaki, kesho yake mfike kivukoni mapema mpange foleni.

Cha pili Bukakata kwenda visiwa vya Ssese. Hiki sijakataa, tena nasikia hawatozi nauli, ila hakiko njiani, mnatoka Masaka mnaingia alafu mnarudi pale pale kuendelea na Mutukula. Kwaiyo hesabu kuvuka mara mbili na kulala kisiwani usiku mmoja. Tayari siku nane zimekua kumi na sijaweka tairi kupasuka. Wekeni kumi na mbili. Na mkifika kivukoni mkaambiwa pantoni haipo leo, msije mkachukua ule mtumbwi wa injini eti mwende faster mrudi, gari ibaki na mtu. Bora msiende.

Sasa hili lisome taratibu, na uwasomee wenzako. Mkishapandisha gari kwenye pantoni: zima, vuta hendibreki, weka gia, shusha vioo, SHUKENI wote. Hata kama mvua inanyesha, hata kama umesinzia. Gari ndani ya maji mlango haufunguki kirahisi. Ulizeni laifu jaketi ziko wapi kabla haijaondoka, usione aibu. Na inapokaribia kufika msikimbilie upande mmoja na wale wenye haraka ya kushuka. MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, unakumbuka tulikua tunaangalia taarifa ya habari sebuleni wote kimya, ilikua inatoka Bugolora, siku ya gulio, ilishafika Ukara kabisa, watu wanaiona gati, ikapinduka hapo hapo. Kivuko cha watu 101, wakafa zaidi ya 220. Fundi mmoja ndio alitolewa mzima baada ya siku mbili, alikua kwenye kachumba chenye hewa. Kwaiyo ukiona pantoni imejaa kupita kawaida, geuza gari, nunua soda, subiri ya pili. Mtu akikucheka mwambie mama yako kakukataza.

Makaratasi haraka haraka. Pasipoti, usidanganywe na Wakenya na Waganda unaowaona Busia wanapita na vitambulisho, wewe Mtanzania hicho cha NIDA hakitakuvusha. Kadi ya gari orijino, na sababu Noah ni ya mjomba wako muandikishane barua ya ruhusa kwa wakili, mwenye gari akiwa hayupo mpakani wanauliza maswali mengi. Alafu kuna kadi MBILI za njano na watu wanachanganya: moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ya kwako wewe, nyingine ni bima ya gari ile ya Komesa, ya kuvukia nchi jirani. Jirani yetu mmoja alienda mpakani na ya chanjo akijua ndio bima hiyo hiyo, akaishia kukatiwa bima pale pale na hela yote ya mafuta ikaishia hapo. Na chanjo mchome angalau siku 10 kabla ya kuondoka, sio asubuhi ya safari.

Yule rafiki yenu anayetaka mkatize Kigali mwambie Rwanda wanaendesha kulia, na mlivyo na leseni mpya mpya hizo mi nasema asubiri safari nyingine. Uganda na Kenya ni kushoto kama huku.

Hela ya pasipoti ntatoa nusu, nusu jitafutie. Mkifika Bukoba mniletee kahawa, senene msiniletee, bibi yako wa Kibosho alikula mwaka jana akijua ni karanga mpaka leo haongei na aliyempa. Mkiwa pale darajani mpunguze mwendo mnipigie video, nione kama ile sehemu tuliyolala bado inajulikana.

Ila kabla ya yote hayo mjomba wako anasema Noah inavuja oili. Jumamosi uje nayo Moshi, ipite kwa fundi, alafu nataka nikuone kwa macho yangu hapa uani unabadilisha tairi peke yako, jeki unaijua inakaa wapi?

Mama