Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Zanzibar: mwenye kisunzi aulizwe

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, Pemba. Nakuandikia juu ya maradhi ambayo sisi tunayaita kisunzi au kizunguzungu tukaishia hapo. Madaktari wana jina lake, maigreni ya vestibula, yaani kipandauso kinachovuruga mizani ya mwili, ile inayotegemea sikio la ndani na ubongo.

Nikueleze siku moja tu. Ilikuwa saa nne asubuhi, naandika hesabu za kugawa, jua limepiga mabati ya jengo la pili na mwanga wote unaingia darasani. Ubao ukaanza kwenda kulia. Nikautazama ukarudi, kisha ukaenda tena. Nikaushika kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango usifungwe na upepo, chaki ikanivunjikia kiganjani, magoti yakaniishia. Watoto wa darasa la tano wakanyamaza wote kwa pamoja. Nililala juu ya saruji mpaka adhana ya adhuhuri, macho nimeyafumba, maana kila nikiyafumbua dari inazunguka. Kichwa hakikuniuma hata kidogo, na hilo ndilo lililonipoteza miaka sita.

Katika miaka sita hiyo nilipimwa malaria, damu, sukari na presha, vyote salama. Mahali fulani nilipewa vidonge vya presha nisiyokuwa nayo, nikavimeza mpaka nikawa naona kiza kila nikiinuka. Shangazi alisema nina ruhani, nikasomewa na nikanywa kombe. Sijuti kusomewa, dua ni dua. Kazini walidhani naficha mimba, baadaye wakasema mvivu. Mwisho nikapanda boti kwenda Unguja kupigwa picha ya kichwa, nikatapika njia nzima, na picha ikatoka safi.

Picha kutoka safi ni jambo la kawaida kwa maradhi haya. Hayaonekani kwenye picha wala kwenye damu. Hujulikana kwa kumuuliza mgonjwa. Vigezo vyake vilichapishwa mwaka 2012 na wataalamu wa Jumuiya ya Bárány, ya watafiti wa kisunzi na mizani ya mwili, pamoja na Jumuiya ya Kimataifa ya Maumivu ya Kichwa, na vinaenea nyuma ya kadi ya kliniki. Je, kisunzi kikali au cha wastani kimekushika angalau mara 5, kila mara kikidumu kati ya dakika 5 na saa 72? Je, una kipandauso, au uliwahi kuwa nacho zamani? Je, angalau nusu ya mara hizo huambatana na maumivu ya kichwa yenye sura ya kipandauso, kama kugonga upande mmoja, au na kuchukia mwanga na kelele kwa pamoja, au na vimulimuli machoni? Na je, hakuna maradhi mengine yanayolieleza jambo hili vizuri zaidi?

Aliyeniuliza hayo alikuwa daktari kijana aliyevuta kiti akakaa. "Dada, ulipokuwa mdogo ulikuwa ukitapika ndani ya gari?" Nilikuwa. "Na siku zako zikikaribia, kichwa kilikuwa kikikuuma?" Kilikuwa. "Kisunzi kikikushika unatafuta chumba cha kiza?" Hapo nikalia, kwa sababu nilimkumbuka marehemu mama, kitambaa machoni, dirisha limefungwa, na sisi watoto tunaambiwa tusipige kelele, mama yenu kachoka. Kipandauso mara nyingi hutembea ndani ya ukoo. Ilichukua dakika ishirini, bila mashine yoyote.

Mheshimiwa, ninaloliomba ni dakika ishirini zile zifike katika kila kituo cha afya, Unguja na Pemba. Utafiti wa Ujerumani ulikuta kiasi cha mtu mzima 1 katika kila 100 hupatwa na maradhi haya katika uhai wake, na wanawake ndio wengi. Sensa ya 2022 ilituhesabu Wazanzibari 1,889,773. Hata ukiwaondoa watoto wote, na hata kwetu kiwango kikiwa pungufu, bado tunazungumzia maelfu ya watu.

Nesi anayejua kuuliza atajua pia kutenganisha. Kuna kisunzi cha sekunde chache kinachomshika mtu akijigeuza kitandani, kinachotokana na chembechembe za sikio kuhama mahali pake. Hicho hutibika kwa kumgeuza mgonjwa kichwa kwa mpangilio maalumu, juu ya kitanda cha kawaida. Na kuna kisunzi cha ghafla pamoja na mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito, mkono kulegea, au mtu kushindwa kabisa kusimama. Huyo asiulizwe mengi, akimbizwe hospitali, huenda ni kiharusi.

Kwa dawa, nakuomba propranololi na amitriptilini, za kuzuia kipandauso kisirudi, zisikosekane Pemba. Ni dawa za zamani na bei yake si kubwa, lakini kuna mwezi nazikuta na kuna mwezi naambiwa nikanunue dukani. Hazimfai kila mtu. Mwenye pumu hapewi propranololi, na ushahidi wa dawa hizi kwa kisunzi hiki bado ni mdogo kuliko kwa kipandauso cha kawaida. Mimi zimenisaidia. Watu waambiwe pia kwamba kumeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi kunaweza kuzidisha kipandauso chenyewe. Hapa mtaani tunazimeza kama njugu.

Lililonisaidia zaidi ni daftari. Kila kisunzi naandika saa, nilivyolala na nilichokula. Baada ya miezi mitatu nikaona: usiku wa kusahihisha mitihani, asubuhi ya kutoka bila chai, na msimu wa karafuu, zikianikwa majamvini njia nzima na harufu yake imejaa mtaa. Karafuu siwezi kuzikimbia, ndiyo Pemba yetu. Lakini nalala saa nne, sitoki bila kula, na Ramadhani siachi daku hata kwa usingizi gani. Zamani kilinishika kila wiki. Mwaka huu kimenishika mara nne.

Daftari hilo ninalo. Ukiwatuma watu wako wa ofisi ya Wizara hapa Pemba, nitawaonyesha ukurasa kwa ukurasa, na ninawajua akina mama watatu wa mtaa huu walio tayari kuja nami kuulizwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa skuli ya msingi
Wete, Pemba