Ile "12" si mwaka: tunavyosoma shotigani ya zamani

Mara kwa mara tunatumiwa picha ya bunduki ya mitutu miwili kwenye simu, na chini yake swali moja tu: "Hii shilingi ngapi?" Picha huwa ileile. Ubavu wenye nakshi ya ndege na maua, na kitako kilichopigwa msasa na vanishi jana yake ili king'ae. Huo msasa, kwa taarifa yako, umeshakula sehemu ya bei.

Sisi hapa Mikindani hatununui wala hatuuzi silaha, na tafadhali usituletee dukani. Tunasoma vitu vya kale: saa za ukutani, makasha ya Kizanzibari, rupia za Mjerumani. Mwenye kitu tunamwandikia karatasi ya kueleza ni nini, kilitengenezwa wapi na lini. Bunduki tunaisoma kwa picha tu. Yenyewe inabaki kwa mwenye leseni au polisi.

Sasa, nakshi haisemi kitu. Hata jina lililochongwa juu, katikati ya mitutu, mara nyingi ni la duka lililouza, si la fundi aliyeunda. Wengine wakiona "Krupp" na zile pete tatu hushangilia kwamba wana bunduki ya Krupp. Krupp wa Essen aliwauzia mafundi chuma cha mitutu, basi. Ni sawa na kusoma chapa ya bati ukasema huyo ndiye aliyejenga nyumba.

Habari yenyewe iko chini, kwenye bapa la mitutu karibu na chemba (tundu inapokaa risasi), mahali pasipoonekana mpaka mitutu ichomolewe. Huko Ulaya mtutu ulipelekwa kwanza kwenye nyumba ya upimaji, London, Birmingham, Liège au Suhl, ukafyatuliwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida. Usipopasuka, unagongwa muhuri. Mihuri hiyo ilibadilika kadiri kanuni zilivyobadilika, ndiyo maana inatupa umri. Mjerumani alirahisisha zaidi: bunduki nyingi za Suhl za miaka ya 1920 na 1930 zina "4.29" au mfano wake, yaani Aprili 1929.

Kuna kijana wa Nachingwea aliyeachiwa shotigani na mjomba wake. Kwao inajulikana kuwa ni ya Mjerumani, ilitekwa kwenye Majimaji. Picha zilipofika tukaona "12", taji lenye herufi BNP, na "3 TONS".

"Kumi na mbili si 1912 hiyo?" akauliza.

Hapana. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe vidonge 12 vilivyo sawa; upana wa kidonge kimoja ndio upana wa mtutu. BNP ni Birmingham, Uingereza. Na shinikizo la mlipuko kuandikwa kwa tani kulianza na kanuni za upimaji za Uingereza za 1954, ilhali Majimaji ilikuwa 1905 hadi 1907. Mtutu wa zamani unaweza kupimwa upya, kwa hiyo tulitafuta muhuri wa awali. Haukuwepo. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema atamwambia mama yake lakini si bibi. Mimi nadhani Majimaji ilikuwa hadithi ya gobore fulani lililokwisha kuoza, shotigani ikairithi.

Alama hizohizo zinahusu pia usalama. Mitutu ya Damaski, yenye michoro kama ukili uliosukwa, mingi ilipimwa kwa baruti nyeusi ya kale tu; risasi za leo zinaweza kuipasua. Tena shotigani nyingi za zamani zina chemba ya milimita 65. Risasi ya milimita 70 inaingia bila kukwama, kwa sababu mdomo wake hukunjuka baada ya kulipuka, na hapo ndipo shinikizo linapopanda. Usikubali mtu aijaribu kwa nguruwe wa shambani.

Bei? Ile uliyoiona ya mnada wa London iache London. Hapa anayeweza kununua ni mwenye kibali peke yake, na bunduki inafuata leseni ya mtu, hairithiwi kienyeji kama shamba la mikorosho. Mzee akifariki, silaha ipelekwe polisi kwanza, mambo ya urithi yafuate Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Ndiyo maana malipo yetu ni ya karatasi, hatuchukui asilimia. Tungechukua asilimia, kila gobore lingekuwa la mfalme.

Kwa picha: aliye na leseni, au askari wa ghala la silaha, ahakikishe haina kitu, achomoe mitutu, asugue chaki nyeupe kidogo juu ya mihuri, apanguse kwa kidole. Tochi imulike kutoka ubavuni, si juu. Piga picha bapa lote, halafu kila muhuri peke yake, na namba ya mfululizo.